Nauli Niliyokula Ikazaa Riwaya

Ukiwa na mikasa mingi ya mapenzi, hutakosa mtu wa kukuambia, "Wewe, andika kitabu!" Watu hao, nakuhakikishia, hawanunui vitabu. Mimi niliandika. Ni riwaya ya kuchekesha kuhusu mwanamke wa Kampala asiye na mume, wanaume waliompitia na aibu alizojitafutia mwenyewe, tena kwa Kiswahili, katika mji ambao mwenye duka la vitabu alinitazama juu ya miwani yake akauliza, "Sasa hiki atanunua nani?" Lilikuwa swali la haki na jibu lake nimelipata kwa kutembea. Naandika haya kwa mwenye daftari lake chini ya godoro, ajue mapema pesa inapotelea wapi, nani atanuna, na nani atacheka mahali ambapo hukukusudia.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari, nikakulia Jinja, na majirani zetu walikuwa Waacholi, Wateso, Walugbara, na sisi Wasamia. Pale bombani tuligombana na kupatana kwa Kiswahili. Baba alipostaafu tukarudi Busia, mpakani, ambako hata deni la nyanya hudaiwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo sikuandika kwa lugha hii ili kuitetea. Nikisimulia jambo la kuchekesha, ndiyo inayonijia mdomoni. Kampala nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, na kazi hiyo itaingia kwenye hadithi muda si mrefu.

Mada sikuitafuta. Mtu mzima asiye na ndoa Kampala ni mchangiaji wa kudumu wa ndoa za wenzake. Kila harusi ina vikao vyake vya kila wiki: soda, bajeti iliyochapwa, mwenyekiti mwenye sauti, na ahadi zinazotangazwa mbele ya watu ili usipate pa kukimbilia. Mimi hufanywa mhazini. Sababu ni ileile kila mara: "Wewe huna majukumu." Nimehesabu pesa za mahema, za keki, za magomesi, yale magauni ya sherehe ya kina mama, ya wasindikizaji, mpaka siku moja nikajikuta mhazini wa harusi ya mwanaume ambaye mwaka uliotangulia tulikuwa tukitafuta nyumba ya kupanga pamoja. Usiniulize kwa nini nilikubali. Kikao kilikuwa kimeshaanza, na kitabu cha risiti kilipita mkono kwa mkono hadi kwangu.

Sura za kwanza zilitoka hapo, na zilitoka kwa hasira. Nitazirudia. Lakini mkasa uliobeba riwaya nzima ni mwingine, tena mdogo kuliko huo.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Entebbe tuliyekuwa tukiandikiana. Akaniita nimtembelee Jumamosi, akanitumia nauli kwa simu: shilingi elfu hamsini. Teksi ya Entebbe (kwetu teksi ni basi dogo la abiria), kwenda na kurudi, haifiki hata robo ya pesa hiyo, kwa hiyo alikuwa anajionyesha, nami nikamwacha ajionyeshe. Jumamosi ilipofika nikamwandikia kwamba nina homa, hata kuketi siwezi. Kisha nikaenda Ggaba na rafiki yangu tukala samaki wa kukaanga mpaka tukabakiza miiba. Kula nauli ni mchezo wa Afrika Mashariki nzima. Sijidai kuwa mwanzilishi.

Jumatatu ofisi ikanituma Entebbe, kwenye maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege. Nikapanda teksi pale Old Taxi Park. Kilikuwa kimebaki kiti kimoja, kile cha kukunja kando ya mlango, ambacho kila abiria akishuka nawe lazima ushuke umpishe. Nikakaa. Kondakta akavuta mlango. Nikageuka kuomba dirisha lifunguliwe, na dirishani alikuwa yeye.

"Homa imepoa?"

Mtu mwenye akili hapo husema, "Ndiyo, namshukuru Mungu." Mimi nikasema, "Homa ya nani?"

"Wewe si ndiye..."

"Aa, huyo ni pacha wangu. Watu hutuchanganya."

Abiria wote wa nyuma wakanyamaza. Najjanankumbi mama mmoja akashuka. Nikashuka kumpisha, nikarudi kitini. Bwana alikuwa ananikagua. "Kweli," akasema, "wewe una upole. Dada yako ana majivuno." Nikamtetea dada yangu kidogo, isionekane vibaya. Zana nikashuka tena, nikarudi tena. Akasema nimwambie dada yangu airudishe nauli yake, ingawa kwa sauti ya mtu ambaye ameshasamehe. Kabla ya Kajjansi akaniomba namba ya simu. Hapo ndipo nilipogundua shida ya kuwa na pacha wa uongo: tulikuwa tunatumia simu moja. Nikamwambia yangu imeibwa. Akasema, "Usijali, nitakununulia."

Nikashuka Kajjansi, nikamlipa kondakta nauli ya hadi Entebbe bila kudai chenji, nikamalizia safari kwa boda. Bosi wangu mpaka leo anaamini kulikuwa na foleni.

Maishani mkasa uliishia pale. Nilipouandika kama ulivyokuwa, ulijaza kurasa chache. Anayezimaliza anatabasamu, basi. Ilinichukua muda kuona kwamba riwaya inaanzia pale nilipokimbilia boda. Mhusika wangu, Sauda, nikamnyima hiyo boda. Nikamfanya aipokee simu mpya. Sasa ana simu mbili na majina mawili, ana mwanaume anayekuja kumsengenya yeye mwenyewe, na ana shangazi anayetaka kujua huyo pacha alizaliwa lini na nani aliyemkata kitovu. Ukitaka kuandika mikasa yako, tafuta mahali ulipojiokoa, kisha mzibie mhusika njia hiyo. Mengine niliyojifunza kuhusu utungaji ni madogo kuliko hilo.

Isipokuwa moja: wa kumsomea. Marafiki hawafai. Wanakujua, wanajua hata sura yako unapodanganya, na wanacheka kabla sentensi haijafika. Mimi nilipeleka karatasi zangu saluni, Katwe, ninakosukiwa. Kusuka nywele ndogondogo ni kazi ya nusu siku, kwa hiyo msusi hana pa kwenda na mteja hana pa kwenda. Wasusi wengi pale wametoka Bukavu na Goma. Wateja ni wake wa askari, wanafunzi kutoka Kenya, na mama mmoja wa vitenge anayekuja kutoka Mwanza na mizigo yake. Nilikuwa nasoma kwa sauti, kichwa kikiwa kimeinamishwa.

Kicheko si kipimo kizuri, watu hucheka kwa adabu. Mikono haina adabu. Hadithi ikishika, vidole vya msusi vinasimama katikati ya msuko, mafungu matatu ya nywele yakiwa bado yamebanwa, na mwenye kichwa halalamiki. Ikilegea utasikia, "Nipitishie kichana." Niliandika herufi K pembeni ya kila aya iliyoombewa kichana, na nikifika nyumbani naikata. Sura moja ya ufukweni, niliyoipenda kuliko zote, yenye machweo na mashairi, ilikuwa K tupu kutoka juu hadi chini. Nilibishana nayo kwa muda, kisha nikaitoa.

Sura iliyosimamisha mikono kupita zote ni fupi. Mwanaume anamwalika Sauda hotelini: "Kuna watu nataka wakuone." Sauda anajua ni wakwe, anaazima gomesi, anasuka, ananunua zawadi ya mama mkwe. Kumbe ni mkutano wa kuuza virutubisho, watu wanapiga makofi, na yeye ndiye mgeni aliyeletwa ili mwanaume apande ngazi. Karibu kila mwanamke pale saluni alikuwa amewahi kwenda kwenye mkutano kama huo, au ana dada aliyekwenda. Mmoja alikuwa bado na makopo ya dawa hizo chini ya kitanda.

Sasa zile sura za hasira. Yule niliyekuwa mhazini wa harusi yake nilimwandika kama mjinga mtupu: bahili, mwongo, miguu inanuka, hajui hata kusoma ramani. Nilipozisoma saluni hakuna aliyeomba kichana, lakini hakuna aliyecheka pia. Mwishoni msusi wangu akaniuliza, "Dada, sasa huyu mwanaume ulimupenda juu ya nini?"

Sikuwa na jibu, maana kwenye karatasi sikuwa nimeacha jibu lolote. Nikaanza upya. Ikabidi nikumbuke mambo ambayo nilikuwa nimejitahidi kuyasahau: alivyokuwa akiimba na redio huku akikosea maneno kwa ujasiri, na ile usiku ambayo umeme ulikatika akaja na jiko la makaa juu ya boda kutoka upande wa pili wa mji kwa sababu nilisema nina njaa. Sura hizo zilinitoa machozi na zikanifanya niache kuandika kwa kitambo. Nikuonye tu: riwaya ya kuchekesha inakurudisha kwa mtu uliyekwisha kumzika, na huendi kumtembelea mara moja. Unaenda kila unapohariri. Lakini baada ya hapo, Sauda anapopokea kile kitabu cha risiti, saluni nzima ilicheka huku mama wa vitenge akisema "Maskini!" kwa sauti. Hapo nikajua sura imeiva.

Mhariri nilimpata Dar es Salaam, kwa simu. Tulikubaliana shilingi laki nane za Uganda, nusu kabla, nusu baada. Ni pesa niliyoitoa bila majuto, kwa sababu sisi wa Uganda ngeli hutuponyoka. Nilikuwa na "kiti yangu" na "gari hizo" za kutosha kujaza gunia. Alizisafisha zote. Tatizo ni kwamba alisafisha na mazungumzo. Mwendesha boda wangu wa Kisenyi alirudi akizungumza kama msoma taarifa ya habari, na msusi wa Bukavu akawa mwalimu wa chuo. Nilisoma kurasa mbili saluni. Kichana kiliombwa mara hiyohiyo.

Nikampigia. "Kaka, boda wa Kampala hasemi 'tafadhali niwie radhi'."

"Dada, nikiacha hivi watu watasema kitabu hakikuhaririwa."

Tulivutana kwa heshima. Mwishowe tukagawana: masimulizi yote yawe sanifu, na kila mhusika aseme kama watu wa kwao wanavyosema. Ningemwandikia tangu mwanzo ukurasa mmoja wa kumweleza nani anatoka wapi na anaongeaje, tungeokoa muda wote huo. Wewe mwandikie.

Kisha watu. Hili ndilo ningetaka ulisome polepole.

Rafiki yangu wakili alinionya kwamba kubadili jina hakutoshi. Kashfa haihitaji jina; kama watu wanaomfahamu mtu wanaweza kumtambua kwa maelezo uliyoyatoa, ana njia ya kwenda mahakamani. Akanishauri nibadilishe kazi yake, mahali anapoishi na chombo anachoendesha, kwa kuwa kwa hayo matatu ndipo watu hutambuana mjini. Wanaume wawili nikawaunganisha wakawa mmoja. Mwingine niliyemkuta na Subaru nikampa baiskeli, na kwa kweli sura yake ikawa tamu zaidi.

Shangazi yangu wa Busia nilimsomea mwenyewe kabla ya kuchapa. Yeye ana mazoea ya kunitafutia mchumba msibani, kwa hoja kwamba msibani mtu huonekana tabia yake. Amewahi kunitambulisha kwa mjane mmoja kaburi la mkewe likiwa bado halijakauka. Niliiandika. Shangazi alisikiliza mikono ikiwa mapajani, hakucheka, kisha akasema, "Mwanangu, mimi uniache hivyo hivyo, nimejizoea. Lakini yule baba ana watoto wanaosoma, na watoto husoma kila kitu." Nikamtoa mjane, nikaweka mzee wa kubuni anayekuja msibani kuuza redio. Ile sehemu nyingine, ambapo siku ya utambulisho shangazi wa bibi harusi anatakiwa amchague bwana harusi kati ya wanaume waliokaa na kumbandika ua kifuani, naye analibandika kwa dereva, aliipitisha huku akifuta macho kwa kicheko. Alisema anamjua shangazi aliyefanya hivyo. Mimi nilidhani nimeitunga.

Bwana wa Entebbe nilimficha kwa uangalifu. Nilimhamishia Mukono, nikampa duka la vipuri, na hata nauli nikaipunguza iwe elfu ishirini. Alijitambua ukurasa wa tatu. Alinipigia, nikapokea tumbo likinguruma.

"Dada, nimekisoma. Mbona umeandika elfu ishirini? Mimi nilituma elfu hamsini. Watu watasema mimi ni bahili!"

Alikuwa ameshawaambia wenzake wote kazini kwamba pacha wa kwenye kitabu ni mpenzi wake. Yule wa kitabu cha risiti hajapiga, na sitegemei apige. Mke wake tulikuwa tunasalimiana sokoni. Siku hizi anageukia viazi. Nilimwandikia ujumbe wa kumweleza kwamba yeye hayumo, na ni kweli hayumo, lakini haukujibiwa. Sina ushauri kwa hilo. Ukichapa, kuna salamu utazipoteza.

Sasa pesa. Haki ya mwandishi chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 2006 huanza pale kazi inapoandikwa, kwa hiyo usikubali mtu akutoze fedha akidai bila yeye huna haki. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, utaipata Maktaba ya Taifa, na uipate kabla jalada halijakamilika, kwa sababu ule msimbo wa mistari unakaa nyuma ya jalada. Kumbuka kutenga nakala za kuweka maktabani kisheria.

Kuchapa nilienda Nasser Road kama kila mtu. Fundi wa kwanza utakayemkuta mlangoni atakutajia bei ya bendera na kadi za harusi; endelea kupanda ngazi mpaka umpate mwenye mashine inayochapa vitabu. Usiulize "bei gani kitabu?" Uliza kwa ukubwa, idadi ya kurasa, uzito wa karatasi, aina ya jalada, na kama kurasa zinaungwa kwa gundi au uzi. Na ujue kwamba kitabu hukunjwa kwa mafungu, kwa kawaida kurasa 16 kila fungu. Changu kilikuwa kimezidi kidogo 192, na zile kurasa za ziada zingenigharimu fungu zima. Nikakaa pale kwenye benchi nikipunguza aya, huku kijana wa mashine akinisaidia kuchagua. Alikuwa na jicho zuri kuliko nilivyotarajia.

Nakala 300 kwa shilingi 11,000 kila moja ni 3,300,000. Ongeza laki nane za mhariri na 250,000 za mchora jalada, jumla 4,350,000, zilizotoka kwenye akiba yangu na mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Bei nikaweka 25,000. Kwa hesabu hiyo, nikiuza zote kwa mkono wangu, pesa yangu inarudi kwenye nakala ya 174. Duka la vitabu nililoafikiana nalo linachukua asilimia 30, yaani 7,500 kwa kila nakala, na linalipa likishauza, likikumbuka.

Nilipozipokea nilifungua nakala ya juu, nikainusa, nikalipa nusu iliyobaki. Wewe usinuse. Chukua nakala kutoka juu, katikati na chini ya kila boksi. Ifungue katikati mpaka mgongo ulie, kisha vuta ukurasa mmoja taratibu uone kama gundi imeshika. Halafu pitisha kidole kwenye namba za kurasa, zote, mpaka mwisho. Baadhi ya nakala zangu zilikuwa na fungu la 81 hadi 96 mara mbili, na fungu la 97 hadi 112 halimo kabisa. Kwenye kurasa 81 hadi 96 Sauda anabusiwa. Kwenye 97 hadi 112 uongo wa pacha unafichuka. Kwa hiyo kuna watu Uganda hii ambao kwao Sauda amebusiwa mara mbili, na siri haikutoka kamwe. Mama mmoja wa Bombo nilipomwomba arudishe nakala yake nimpe nzima alikataa. "Mimi nilipoona wamebusiana tena nikajua wamepatana," alisema. "Huko kwingine siendi." Mchapaji, baada ya mvutano mrefu, alichapa upya zile zilizorudi.

Kuuza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, nilijiona tajiri. Shule zinanunua vitabu vya kiada. Hakuna mwalimu mkuu atakayeagiza kitabu ambacho shujaa wake amekula nauli, na mimi nisingemshauri. Mtandaoni nako kuna mlima wake: Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, anayeingia anaingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi, kwa hiyo tangazo lako litawafikia binamu walioko nje. Hadhi ya WhatsApp ndiyo iliyonifaa, hasa nilipoacha kuweka picha ya jalada nikaanza kuweka sauti yangu nikisoma dakika moja.

Maana kitabu hiki kiliuzwa kwa sauti kama kilivyoandikwa. Naingia saluni, naomba ruhusa kwa mwenye nayo, nasoma sura ya teksi mpaka pale bwana anaposema "Nitakununulia," kisha nafunga kitabu na kunywa maji. Siongezi neno. Nimeuza hivyo Katwe, Nsambya, kambini Jinja kwa wake wa maafande, na Busia pande zote mbili za mpaka. Julai 7, 2023, sherehe za Siku ya Kiswahili za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipofanyika Kampala, nilisimama na begi langu na likarudi jepesi, ingawa wengi walionunua walikuwa wageni kutoka Tanzania waliotaka kusikia tunavyoharibu lugha. Huyo ndiye msomaji ambaye mwenye duka hakumwona. Yupo, ila haingii dukani kwake.

Usikopeshe. "Nitakutumia kwa simu" ni ahadi ileile ya vikao vya harusi, na mimi mhazini mzoefu bado nazidai nakala kadhaa. Anayelipa kwa simu mwambie aweke na ada ya kutoa, kwa sababu kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa pamoja na ada ya kampuni ukizijumlisha kwenye nakala mia ni kikapu cha chakula.

Chapa ya pili iko mashineni sasa, nakala 200, kwa mchapaji mwingine, karatasi ikiwa imepanda bei. Safari hii nimeomba mafungu yashonwe kwa uzi kabla ya gundi, na nimesoma namba za kurasa kwenye nakala ya mfano kabla ya kutia sahihi. Mhariri amenipata na "kiti yangu" moja iliyobaki. Nauli nimeirudisha elfu hamsini. Bwana wa Entebbe ameagiza nakala kumi za kuwapa wenzake kazini, akatuma pesa kabla sijamwomba, pamoja na ada ya kutoa.